Alama ya Mafiga Kwenye Kisigino

Mtaa wa mafundi viatu ulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani. Fundi alipomaliza kutengeneza kisigino, alipigilia juu yake alama yake kwa misumari midogo ya shaba. Mmoja alikuwa na mstari, mwingine duara, mwingine nukta moja tu katikati. Kisigino kikibanduka kabla ya wakati wake, mwenye kiatu hakuwa na haja ya kubishana na mtu. Aligeuza kiatu, akatazama, akaenda moja kwa moja kwa mhusika. Alama ilikuwa sifa ya fundi, na ilikuwa vilevile shahidi dhidi yake.

Fundi tunayemzungumzia hapa alikuwa na alama ya misumari mitatu iliyopangwa kama mafiga. Aliirithi kwa mjomba wake, aliyemfundisha kazi tangu ujana. Kwa sababu hiyo watu wote walimwita Mafiga, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe alimwita fundi, isipokuwa akikasirika, ndipo alipomwita bwana.

Alikuwa mtu mfupi, bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa kuinamia nyundo. Misumari aliiweka mdomoni anapofanya kazi, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na kwa hiyo maneno yake yalipita pembeni mwa midomo. Jirani yake kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana, alipenda kuwaambia wateja kwamba Mafiga ameshameza misumari mingi kiasi kwamba siku sumaku ikipita mtaani itaondoka naye. Mafiga aliusikia mzaha huo kila mara na kila mara alicheka, kwa uangalifu, ili asije akautimiza.

Mkewe alifua mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Hawakujaliwa mtoto. Lakini mke alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye alimlea tangu wazazi wao walipofariki, na alipoolewa alikuja naye. Shemeji huyo alikua kati ya vipande vya ngozi na harufu ya gundi. Hakujifunza ushonaji wa viatu, maana mikono yake haikutulia, lakini alikuwa na macho makali. Akiona kiatu kimepita barabarani aliweza kusema kimetengenezwa na nani. Vita vilipoanza aliitwa jeshini kama vijana wengine. Baadaye alichaguliwa kuingia katika kikosi ambacho ndugu hawakuambiwa kinafanya nini. Watu walinong'ona tu kwamba ni makomando, wale wanaovuka mstari wa mbele na kwenda kufanya kazi mgongoni mwa adui. Dada yake hakulitamka neno hilo. Alisema, "Mdogo wangu yuko kazini."

Siku moja kapteni wa kikosi hicho alikuja karakana. Alikuwa kijana mpole, sauti yake ya chini, na chini ya koti alificha buti moja. Aliliweka mezani. Lilikuwa buti la adui, lililotekwa, soli yake ina mistari ya mshazari na kisigino chake kina chuma kilichopinda kama kwato ya farasi. Mafiga aliligeuzageuza akauliza kama afande anataka jozi ya namna hiyo.

"Viatu tunavyo," kapteni alisema. "Ninachotaka kwako ni nyayo."

Kisha akaeleza. Upande wa pili kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusoma ardhi. Asubuhi walizunguka njia zote za nyuma ya jeshi lao, wakitafuta alama ya mguu mgeni. Wakiona soli wasiyoijua, walipiga mbiu, njia zikafungwa, na walioingia hawakutoka. Lakini wakiona soli ya jeshi lao wenyewe, walipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake. Mafiga alitakiwa kubandua soli za mabuti ya kikosi na kubandika nyingine zinazofanana na ile ya mezani. Asimwambie mtu, hata mkewe.

Alifanya kazi hiyo mlango ukiwa umefungwa. Soli alizikata kwenye matairi ya lori kwa kisu alichokinoa mpaka kikawa chembamba. Vyuma vya kisigino alivipinda juu ya fuawe. Tena akabuni njia ya kujihakikishia: alijaza udongo mbichi katika sinia la bati, akawa anakandamiza kila buti lililomalizika juu ya udongo ule, kisha analinganisha alama na ile ya buti la adui. Zikitofautiana hata kidogo, alirudia. Akiridhika, alisawazisha udongo kwa kiganja na kushika buti lingine. Mkewe aliona mlango umefungwa, akaona matairi yaliyochunwa, wala hakuuliza. Alisema tu kwamba siku hizi ameletewa mke mwenza anayeitwa jeshi, na huyo mke mwenza hata vyombo haoshi.

Jioni ya kukabidhi kazi, aliyetumwa kuchukua mabuti alikuwa shemeji mwenyewe. Kapteni alimpa nafasi hiyo kwa makusudi, apate kuaga. Gari lilisimama mwisho wa mtaa. Mke alikuwa amerudi kutoka kazini mapema, mikono yake bado imekunjamana kwa maji, akaketi kizingitini na mdogo wake huku Mafiga akitia mabuti guniani, moja baada ya lingine. Alipolishika moja, la mguu wa kulia, kubwa, akahisi kisigino kinacheza. Akalirudisha kwenye kalibu, kile chuma cha kuvalishia kiatu, na kutia misumari mdomoni.

Mlangoni mzaha ulikuwa umepamba moto. Shemeji alikuwa akimwambia dada yake kwamba akirudi atatafuta mke mnene, maana nyumba hii imejaa watu wembamba, na wezi watadhani hakuna mtu ndani.

"Rudi wewe kwanza," dada alisema. "Huyo mnene nitamtafuta mimi. Wewe utamleta mtu kwa kumtazama viatu."

"Shemeji, unamsikia dada?"

"Namsikia," Mafiga alijibu pembeni mwa midomo, nyundo ikienda. "Na mimi alinichagua kwa viatu. Alipokuja kugundua kwamba ni vya mteja, mahari ilikuwa imeshapokelewa."

Walicheka wote watatu. Honi ikalia mwisho wa mtaa. Mafiga alikandamiza buti kwenye sinia kama alivyozoea, akalinyanyua, akalitupia guniani, akafunga mdomo wa gunia. Shemeji alilibeba begani. Hakumkumbatia dada yake kwa sababu ya mzigo. Alimgusa kichwa kwa mkono wake wa pili, kama mtu anayembariki mtoto, na dada akamwambia aache utovu wa adabu.

Asubuhi yake Mafiga aliingia karakana kufanya usafi. Udongo kwenye sinia ulikuwa umekauka usiku kucha, na juu yake ile alama ya mwisho ilikuwa imesimama wazi kama imechongwa. Mistari ya mshazari ilikuwa sawa. Chuma cha kwato kilikuwa sawa. Na katikati ya kwato, vishimo vitatu vidogo vimepangwa kama mafiga.

Alisimama na ufagio mkononi. Mkono ulikuwa umefanya ulichozoea kufanya. Wakati kichwa kiko mlangoni kwenye mzaha, mkono ulimaliza kisigino na kukitia sahihi. Alilichunguza sinia tena, akitumaini ni punje za mchanga. Halafu akafungua kopo la misumari ya shaba, ambalo hakuwa amelihitaji kwa kazi ya jeshi. Lilikuwa wazi tayari.

Hakujua buti lile ni la nani. Lilikuwa kubwa, la mguu wa kulia. Shemeji alikuwa na mguu mkubwa, lakini si yeye peke yake kikosini. Hata hivyo, lilikuwa la nani si hoja. Walikuwa wakitembea pamoja, na mguu mmoja wa kigeni ulitosha kuwafichua wote. Alifunika sinia kwa gunia, akaketi juu ya kigoda chake, asifanye kazi yoyote mpaka kinyozi akaja kuuliza kama ana homa.

Angeweza kuusawazisha ule udongo. Maji kidogo na kiganja kimoja tu, na pasingekuwa na ushahidi duniani. Alilifikiria hilo, na alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Mtaa wa pili kulikuwa na seremala aliyechukuliwa kwa sababu masanduku yake ya risasi yalipasuka njiani; walisema ni hujuma, na mkewe alikuwa bado anapeleka chakula lango la gereza. Siku hiyo Mafiga alitembea mpaka karibu na kambi, akaona bunduki ya mlinzi, akarudi nyumbani. Alimwambia mkewe kwamba alikwenda kutafuta gundi. Mkewe alimtazama miguu, akaona vumbi la njia ya kambi, ambako gundi haiuzwi. 

Kesho yake alilibeba sinia. Alilifunika kwa kitambaa safi na kulishika mbele yake kwa mikono miwili, akipita polepole asije akajikwaa udongo ukapasuka. Mtaani walimuuliza anampelekea nani keki. Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja, akasema kama ni posa basi huyo mchumba anakaa mbali. Mafiga alipita, macho yake kwenye sinia. Kinyozi akaacha kucheka, akarudi ndani.

Kapteni alimpokea katika chumba chenye ramani iliyofunikwa kwa blanketi. Mafiga aliweka sinia mezani, akaondoa kitambaa, akaonyesha kwa kidole. Hakukuwa na haja ya maelezo mengi. Kapteni aliinama, akatazama, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Hii ni alama yako?"

"Ni yangu, afande."

"Mguu mmoja tu?"

"Mmoja ndio ninaoujua. Mingine niliikagua kwa macho yangu."

Mafiga aliuliza kama hakuna namna ya kuwapigia simu ya upepo. Kapteni alijibu kwamba redio yao haifunguliwi mpaka wao wenyewe waite, na hawataita kabla kazi haijakwisha. Anayewaita sasa atakuwa anawaita pamoja na adui. Alikaa kitini, akafunika uso kwa viganja, akavisugua machoni. Kisha akauliza jambo ambalo Mafiga hakulitarajia.

"Ungelifuta hili, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Sasa umelileta kwa nini?"

"Kwetu mtaani, kisigino kikibanduka, mwenye alama ndiye anayejibu."

Kapteni alilifunika sinia, akaliweka juu ya kabati kwa mkono wake mwenyewe. Alimwamuru asitoke mjini na asimwambie mtu. Kuhusu adhabu alisema kwamba watazungumza kazi ikirudi. Hakusema watu wakirudi. Mafiga alilishika neno hilo njia nzima.

Kungoja kukaanza. Kungoja ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea nyundo, maana haina mahali pa kupigilia. Kila jioni mkewe aliporudi kutoka hospitali, Mafiga aliusoma uso wake kabla hajaufikia mlango. Majeruhi waliletwa hospitali hiyo, na wafua mashuka hujua mambo kabla ya madaktari kutangaza. Akija na uso mtulivu, Mafiga alipumua. Siku moja alikuja amekaza taya, akakaa kitandani bila kuvua viatu, na Mafiga akaamini kwamba habari imefika. Kumbe mashine ya kukamulia ilikuwa imeharibika, nao wamekamua kwa mikono mchana kutwa.

Kazi ya wateja aliifanya, lakini ilipofika pa kupigilia misumari ya shaba, mkono ulikataa. Visigino vikatoka bila alama. Wateja wengine waliona, wakarudi, wakasema fundi umesahau kutia mafiga yako, sasa kikibanduka tumshike nani. Akawaambia shaba imeadimika kwa sababu ya vita. Kinyozi akamuuliza mbele ya watu kama anaogopa kushtakiwa. Ulikuwa mzaha, na ulimchoma kama mkuki. Tena kinyozi huyo huyo, aliyesikiliza redio tangu afungue mpaka afunge, alipenda kusimulia jinsi adui alivyo na watu wanaoweza kusoma wayo wa mtu wakajua kama ameoa. Wateja walicheka. Mafiga aliinuka akafunga dirisha la upande ule.

Mkewe ndiye aliyevunja ukimya. Ilikuwa saa ya chakula cha jioni, taa haijawashwa, chakula kimepoa mbele yao.

"Bwana," alisema, "sinia la bati liko wapi?"

"Lilipasuka."

"Bati halipasuki. Tangu mdogo wangu aondoke hulali, huli, wala hutii alama. Kama amekufa na wewe unajua, niambie sasa, kabla sijaambiwa na shuka."

Alimwambia. Alivunja amri ya kapteni na akamwambia yote, tangu buti la chini ya koti hadi vishimo vitatu kwenye udongo. Hakumtazama alipokuwa akisema.  Mke aliondoa sahani, akaziosha, akazipanga, akarudi kuketi mahali pale pale.

"Ulipopigilia," aliuliza, "ndiyo ile saa ya maneno ya mahari?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuchekesha. Basi msumari mmoja ni wangu." Akapangusa meza isiyokuwa na kitu. "Na mmoja ni wake, maana yeye ndiye aliyeanza na habari za mke mnene. Wewe una mmoja. Jifya moja haliinjiki chungu, fundi. Usijifanye umekibeba peke yako."

Hofu haikuondoka. Lakini tangu jioni hiyo waliiogopa wote wawili, na kila mmoja alimpa mwenzake nafasi ya kulala kidogo.

Habari ilikuja kwanza kwa redio ya kinyozi: daraja kubwa la reli, mbali nyuma ya mstari wa adui, limelipuliwa. Mtaa ukashangilia. Mafiga na mkewe hawakushangilia. Redio ilitaja daraja, haikutaja watu.

Shemeji alifika mchana, kwa miguu, amekonda mpaka kofia imekuwa kubwa. Dada yake alikuwa kazini. Mafiga alimwona akiwa bado mbali, akaweka nyundo chini, akamngoja palepale kigodani. Shemeji aliketi kizingitini kama zamani, akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua. Ndani mlikuwa na misumari mitatu ya shaba.

Alisimulia kwa sauti ya chini. Kazi yake kikosini ilikuwa kutembea mwisho, akiangalia nyayo za wenzake. Walipovuka mto wa kwanza na kupanda ukingo wenye matope, aliona mafiga ardhini. Kwanza alidhani ni uchovu umemletea ndoto ya nyumbani. Alipoyaona tena hatua iliyofuata, alijua. Aliwasimamisha. Buti lilikuwa la mwenzao waliyemwita Mrefu. Walichomoa misumari kwa ncha ya kisu, wakafuta alama walizoweza kuzifikia, wakasonga mbele. Hawakuweza kurudi nyuma kufuta zote. Kazi waliimaliza, lakini ile njia ya mtoni ilikuwa imeshasomwa. Walipoikaribia waligundua imefungwa, wakalazimika kurudi kwa njia ya miamba. Huko kisigino cha Mrefu, ambacho misumari ile ndiyo iliyokishika, kilibanduka. Alitembea hivyo hivyo hadi soli nayo ikaachia, kisha akatembea juu ya mguu wenyewe, kisha wakambeba kwa zamu.

"Yuko hai?" Mafiga aliuliza.

"Yuko hai. Wamemkata vidole na sehemu ya mbele ya mguu." Shemeji aliifunga misumari tena ndani ya kitambaa, akamtia Mafiga mkononi. "Yuko pale hospitali kwa dada. Wodi ya mwisho. Dada ameshafua mashuka yake bila kujua."

Mafiga alichukua kamba ya kupimia na karatasi nene, akafunga karakana mchana kweupe. Mrefu alikuwa amelala karibu na dirisha, kitanda kimemwishia kabla ya miguu. Mafiga alijitambulisha, akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye ile alama. Alimwomba radhi kwa maneno machache. Mrefu alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, kisha akasema kwamba alitarajia kumwona mtu mkubwa zaidi, kwa shida yote aliyoipata.

Akamruhusu kupima. Bendeji ilikuwa nene na mguu ulikuwa bado umevimba, kwa hiyo Mafiga alirudi mara nyingi wiki zilizofuata, na kila mara vipimo vilibadilika. Kapteni naye alirudi karakana na gunia jingine la mabuti. Hakumwadhibu wala hakumsamehe kwa mdomo. Aliliweka sinia mezani, udongo wake mpya, na safari hii aliketi mwenyewe kando yake mpaka buti la mwisho.

Kiatu cha Mrefu kilichukua muda kuliko kazi zote. Ndani kilijazwa gome laini na ngozi ya kondoo, mbele kikaumbwa kama mguu mzima. Mafiga alikipeleka hospitali bila alama. Mrefu alikivaa, akasimama, akashika ukingo wa kitanda, akatembea hadi dirishani na kurudi. Jasho lilimtoka. Akaketi, akakivua, akakigeuza na kutazama kisigino.

"Mbona hakina mafiga?"

Mafiga alisema kwamba siku hizi hatii.

"Kikibanduka nitamshika nani?" Mrefu aliuliza, na hakuwa anatabasamu. "Tia. Lakini mara hii uwe unatazama."

Mafiga alikirudisha karakana. Shemeji alikuwa ameitwa tena kambini asubuhi ile, na dada yake alikuwa kizingitini akitazama mwisho wa mtaa ambako magari husimama. Mafiga alifungua kile kitambaa cha misumari mitatu, akaweka kiatu kwenye kalibu. Misumari hakuiweka mdomoni. Aliishika mmoja mmoja kwa vidole, akiutazama, akapigilia.